Tupeane uzoefu: laptopu kongwe uliyoambiwa imekufa, kisha ukaifufua

Mkaazi_wa_Ngara: Wadau, hamjambo. Leo asubuhi nimemkuta mama mboga wa hapa kwetu ameweka Toshiba ile nene ya zamani juu ya kreti na anakatia sukuma juu yake. Nilipomuuliza akasema mpangaji aliyehama aliiacha, "hiyo ilikufa kitambo." Nimeinunua pamoja na sukuma. Nikibonyeza, kimya. Kabla sijashika bisibisi, hebu nipeni hadithi zenu. Uliikutaje, na ulifanya nini? Sizungumzii mashine za juzi, nataka zile zenye tundu la printa nyuma na vifuniko vya kufungua kwa ukucha.

Kasarani_Juu: Kabla ya yote toa betri, chomoa chaja, finya kitufe cha kuwasha nusu dakika hivi, achilia, kisha chomeka chaja bila betri. Kuna mashine zinaamka hapo hapo na mwenyewe ameshanunua nyingine.

Baba_Twins: Naunga mkono. Lakini ioshe sukuma kwanza.

Mwalimu_Donholm: Umenikumbusha mbali. Shuleni tulipokea laptopu za msaada kutoka Uingereza, nyingi Dell Latitude. Tulipoziwasha, karibu nusu zilifanya hivi: taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tititi. Mkuu akaamuru zirudi stoo. Nikaomba Jumamosi moja. Nilichukua raba ya penseli, nikasugua yale meno ya dhahabu ya RAM (kile kibao cha kumbukumbu kinachochomolewa), nikapangusa kwa spiriti na kurudisha. Kama zimo mbili, acha moja, jaribu, halafu uihamishe tundu. Kadhaa zilifufuka kwa raba tu.

Nyingine zilikuwa zinawaka ila hatukujua. Ukimulika skrini kwa tochi ukiwa umeinamisha kichwa pembeni, unaona maandishi kwa mbali. Hapo bodi ni nzima. Kilichokufa ni taa ya nyuma ya skrini au inveta yake. Skrini za enzi hizo zina kijitaa chembamba cha floresenti, na inveta huipelekea mamia ya volti. Usipeleke kidole huko mashine ikiwa imewashwa, hata ukiitwa nani.

Fundi_Ghorofani: Mwalimu amesema kweli. Naongeza: ikisahau saa na tarehe kila ukizima, ni betri ya BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine. Nyingi ni CR2032 ya volti 3 iliyoviringishwa plastiki, ina viwaya viwili. Lakini Mkaazi, za miaka ya tisini kama hiyo yako huwa na vibetri vya nikeli vya kuchajiwa, na hivyo huvuja na kula njia za shaba. Ifungue kwanza. Ukiona ukungu wa kijani, usiiwashe kabla ya kusafisha.

Mama_Njeri_Githurai: Safisha na magadi. Magadi inatoa kila kitu.

Fundi_Ghorofani: Mama, magadi hapana. Kinachovuja kwenye betri ya nikeli ni alkali, na magadi nayo ni alkali. Tumia siki nyeupe au ndimu kidogo kwa mswaki mkuukuu, usuuze, upanguse kwa spiriti, kisha uache ikauke kabisa.

Mama_Njeri_Githurai: Betri ya gari yangu nimesafisha na magadi miaka yote.

Fundi_Ghorofani: Ya gari ni asidi. Hapo uko sawa kabisa. Hapa ni kinyume.

Baba_Twins: Kwa hivyo mmoja anapika githeri, mwingine kachumbari. Tuendelee.

Eastleigh_Mtaa_wa_Pili: Mnajisumbua. Bodi ikigoma mimi huivua kila kitu cha plastiki naiweka kwenye oveni, digrii 200, dakika chache tu. Inafufuka.

Mwalimu_Donholm: Inafufuka, halafu baada ya muda mfupi unaizika tena. Na hiyo oveni usinialike chakula.

Dada_Buruburu: Hilo neno "ilikufa kitambo" limenigusa. Marehemu kaka yangu aliacha ThinkPad T42, ile ya 2004 yenye nembo ya IBM. Aliponunua ploti Kitengela alipiga skani stakabadhi zote akaziweka humo. Karatasi zenyewe zilipotelea kwenye kuhamahama. Tumemaliza mazishi tu, akajitokeza mtu anasema ploti ni yake. Baba mkubwa akanigeukia mbele ya watu wote: wewe ndiye uliyesoma, lete hizo karatasi.

Laptopu haina hata taa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akang'oa diski, akaichomeka kwa kasha la USB, kompyuta yake haikusoma kitu. Akaniambia diski imekufa, bodi imekufa, lakini kwa huruma atanipa elfu mbili za vipuri. Roho ikakataa. Nikabeba mashine yangu. Kufika nyumbani nafungua kile kifuniko cha chini, mahali pa RAM ni patupu.

Nililia, nisiwadanganye. Si RAM niliyoililia.

Mpwa wangu anasomea umeme. Akaja na mita, akapima chaja: volti 16, ndizo inazotaka. Basi tatizo limo ndani. Akaivua kibodi, akafuata njia ya umeme kutoka tundu la chaja, hatua kwa hatua, mpaka kwenye fyuzi ya milimita chache iliyolehemiwa juu ya bodi. Upande huu kuna volti, upande wa pili hakuna. Akatafuta nyingine ya kiwango kile kile kwenye bodi mbovu, akailehemu huku mimi nashika tochi. Kuchomeka, taa ya kijani! Tukaazima RAM, tukarudisha diski, tukawasha. Badala ya Windows ikaja picha ndogo ya diski na kufuli. Inataka paswadi.

Nimefika steji, nashuka. Nitamalizia.

Baba_Twins: Dada!! Usitufanyie hivi.

Kasarani_Juu: Sasa naelewa kwa nini kasha la USB halikusoma. Hiyo paswadi inakaa ndani ya diski yenyewe. Uihamishie mashine yoyote, diski inakataa kutoa kitu mpaka ifunguliwe, na makasha mengi hayana hata namna ya kukuuliza. Asiyejua ataapa imekufa.

Umoja_Innercore: Fundi_Ghorofani, rudisha RAM ya dada.

Fundi_Ghorofani: Chunga mdomo, bwana. Simjui huyo fundi na mimi sili vya watu. Nyinyi mnaacha mashine kwa mtu mwaka mzima, simu hamshiki, kodi ya kibanda inalipwa na nani? Halafu mkirudi, sisi wezi.

Umoja_Innercore: Mbona umewaka hivyo kama si wewe?

Mwalimu_Donholm: Jamani. Dawa ni hii: kabla hujaacha mashine, ifungueni pamoja, piga picha lebo za RAM na diski mbele yake, na namba ziandikwe kwenye risiti. Fundi mwaminifu hakasiriki.

Fundi_Ghorofani: Mimi mwenyewe ndiye huwaambia wateja wafanye hivyo.

Dada_Buruburu: Nimerudi. Tulijaribu tarehe za kuzaliwa, majina ya watoto, jina la mama. Ukikosea mara kadhaa inagoma mpaka uizime uwashe upya. Usiku umeingia, stima ikapotea, tukalala. Kesho yake shemeji akatucheka: "Huyu mtu alipenda nini kuliko sisi sote?" Mpwa akaandika *kogalo*, jina la utani la Gor Mahia. Windows XP ikafunguka, na picha yake yuko uwanjani na jezi ya kijani.

Skani zilikuwemo: mkataba, risiti za benki, barua ya chifu. Na nyimbo za ohangla zimejaa hadi diski haina nafasi. Kesi bado inaendelea, kwa hivyo hayo mengine siyasemi hapa.

Ingwe_Damu: Pole kwa msiba, dada. Ila shabiki wa AFC Leopards, watani wenu, angeweka paswadi ngumu kuliko hiyo.

Kasarani_Juu: Ingwe, tuletee kombe la Afrika kwanza. Sisi letu ni la 1987.

Ingwe_Damu: Bado mnaishi 1987, kama hizo laptopu zenu.

Wakili_Kivuli: Dada, mwambie wakili wako aandae cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Nakala za kompyuta bila hicho cheti hupingwa kortini. Na usiendelee kuiwasha hiyo mashine ovyo. Nakilini diski nzima, ya asili iwekwe kando.

Dada_Buruburu: Asante wakili. Nakala tulishafanya. Cheti ndiyo nasikia leo.

Mkaazi_wa_Ngara: Nimefungua. Kibetri kimevuja kweli, ila kidogo, hakijafika kwenye chipu. Nimetumia ndimu, samahani Mama Njeri. Lebo ya chini inasema volti 15. Naweza kutumia chaja yangu ya 19?

Kasarani_Juu: La. Fuata lebo, na uangalie pia alama ya chanya iko katikati au nje. Za 15 zinapatikana barabara ya Luthuli mjini, nenda na mita yako.

Mwalimu_Donholm: Ikiwaka usiipeleke intaneti na XP, masasisho yake yalikoma Aprili 2014. Weka Debian 12, mfumo wa Linux wa bure, hiyo bado ina toleo la biti 32 la mashine kongwe. Ya 13 hailetwi tena kwa mashine hizo.

Kasarani_Juu: Mwalimu, hiyo ni ushauri wa T42. Kama hii ya Mkaazi ina chipu ya Pentium ya kwanza, Debian 12 haitakubali kabisa. Mwekee Windows 98, na badala ya diski atumie kadi ya CompactFlash, kama zile za kamera, na adapta ya IDE, yaani kiungo cha diski za zamani. Haipigi kelele na haili umeme.

Mwalimu_Donholm: Na ataifanyia nini sasa?

Mkaazi_wa_Ngara: Solitea.