Naomba ushauri: matairi ya Honda XL 125 S ya mwaka 1983, rimu ya mbele ni inchi 21

BintiBwanaShamba

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba mnishauri kabla masika hayajaanza, kwa sababu nimepewa mapendekezo matatu yanayopingana na kila aliyenipa amesema lake ndilo sahihi.

Pikipiki ni Honda XL 125 S. Baba yangu alikuwa bwana shamba, akazunguka nayo vijijini miaka mingi, na idara ilipoipiga mnada akainunua yeye mwenyewe. Baada ya kustaafu aliiegesha stoo, kisha mwaka juzi akanikabidhi mimi ninayefundisha huku Mtae, wilaya ya Lushoto. Injini inawaka vizuri na sina nia ya kuiuza. Safari zangu ni za aina mbili. Siku za kazi napita njia za udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Mwisho wa mwezi nashuka Lushoto, na mara nyingine naendelea hadi Mombo kwa ile lami inayopita Soni, ambayo ni kona baada ya kona, huku mlima na huku korongo. Mara nyingi nampakia mwanangu, na tukirudi tuna mzigo.

Tairi la nyuma limekuwa kipara katikati. La mbele bado lina kashata nzuri kabisa, kwa hiyo nilikusudia kuliacha. Hata hivyo, wiki mbili zilizopita, chini kidogo ya Soni, manyunyu yakiwa ndiyo kwanza yameanza, gurudumu la mbele liliteleza kwenye kona ambayo nilikuwa nimeiingia polepole. Sikuanguka, lakini mwanangu alikuwa nyuma yangu, na tangu siku hiyo sijampakia tena.

Fundi mmoja ameniambia nibadilishe rimu ya mbele niweke ya inchi 18, ili niweze kununua matairi ya bodaboda ambayo yanapatikana kila duka. Wa pili amenishauri niweke nyuma tairi pana la kashata ndefu, 4.60-18 (yaani upana wa tairi na kipenyo cha rimu, kwa inchi), kwa ajili ya matope. Mwenye duka moja anayo matairi ya saizi zangu halisi, 2.75-21 na 4.10-18, ambayo anasema ni mapya, hayajawahi kufungwa. Nifuate lipi?

FunguoKumiNaNne

Mwalimu, pole sana kwa mshtuko huo, na hongera kwa kuitunza pikipiki ya mzee. Mimi ni fundi hapa Korogwe kwa miaka mingi, na XL nimezifungua nyingi. Kabla sijasema lolote kuhusu kununua, naomba ufanye kazi moja ndogo. Chukua kitambaa chenye maji, futa ubavu wa tairi lako la mbele pande zote mbili, utafute herufi DOT, kisha uniandikie tarakimu za mwisho kabisa zinazozifuata. Ukipata nafasi ya kurudi dukani, soma na za yale matairi mapya.

BintiBwanaShamba

Shikamoo fundi. Tairi langu la mbele mwishoni lina 227, na pembeni yake kuna alama ndogo ya pembetatu. Matairi ya dukani yote mawili yanaishia na 3812. Nilipolikunja kidogo kwa vidole lile la dukani la mbele, niliona nyufa nyembamba kama nywele kwenye mashina ya kashata.

FunguoKumiNaNne

Marahaba, mwalimu. Sasa tunaweza kuzungumza.

Tangu mwaka 2000 tarakimu hizo huwa nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yale ya dukani yalitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2012. Kabla ya hapo zilikuwa tarakimu tatu tu, mbili za wiki na moja ya mwaka ndani ya muongo wake, na baadhi ya viwanda viliweka pembetatu kuonyesha kwamba muongo huo ni wa tisini. Lako, basi, ni la wiki ya 22 ya mwaka 1997. Limebaki na kashata kwa sababu pikipiki ilikaa stoo, lakini mpira haukai stoo bila kuzeeka. Hewa na joto huukausha, mafuta yanayoulainisha hupungua, nao hugeuka mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Mpira mgumu haushiki lami, na lami yenye manyunyu ya kwanza, ambapo vumbi na mafuta yaliyodondoka havijasombwa bado, ndipo udhaifu huo unapojionyesha. Mimi naamini kilichokuteleza pale Soni ni umri wa tairi. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza ukucha kwenye kashata: tairi zuri huacha alama kidogo kisha hurudi, lililozeeka halikubali kitu.

Kwa hiyo mambo yamegeuka kinyume na ulivyokusudia. La nyuma libadilishwe, lakini la mbele ndilo la haraka zaidi. Likiteleza la nyuma mara nyingi unalikamata, likiteleza la mbele kwa kawaida unakuwa umeshaanguka kabla hujajua.

Ya dukani usiyachukue, hata ukipunguziwa bei. Mwenye duka hakukudanganya kwamba hayajafungwa, ila kutofungwa si upya. Kanuni yangu ni hii: tairi likifika miaka mitano nalikagua kila mwaka nikitafuta nyufa, na likifika miaka kumi silirudishi barabarani hata likiwa na kashata zote. Ukinunua, tafuta ambalo halijapita miaka miwili au mitatu tangu kiwandani, nawe usome mwenyewe, usisomewe.

MzeeWaMolo

Mwalimu, salamu kutoka Molo, Kenya. Nina Yamaha DT 175 ambayo inatumia saizi zilezile zako, 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma, na barabara zetu huku juu zinafanana na zenu, udongo juu na lami ya mteremko mrefu.

Nilianza kwa kufunga tairi za kashata ndefu zilizoachana, kwa sababu matope yalinitesa. Kwenye matope zilinifurahisha. Kwenye lami zilitetemesha usukani, na kwenye kona nilihisi pikipiki inatembea juu ya vidole, kwa sababu kashata ndefu hupinda na sehemu ya mpira inayogusa lami ni ndogo. La nyuma halikumaliza hata mwaka. Sasa natumia matairi ya mchanganyiko, yale yenye kashata kubwa za mraba zilizokaribiana katikati na zilizoachana kidogo pembeni. Katika matope mazito natangulia kushuka na kusukuma mahali ambapo zamani ningepita nimekaa, lakini naona hiyo ni gharama ninayoweza kuilipa. Ungekuwa hushuki Mombo kabisa, ningekupa jibu jingine.

Kuhusu 4.60-18, mimi niliwahi kuifunga kwenye DT na ikaingia bila shida, kwa hiyo nisingesema haiwezekani.

FunguoKumiNaNne

Mzee wangu, kwa DT sina ubishi nawe. Kwa XL ningeomba kwanza apime nafasi kati ya tairi na mnyororo, na kati ya tairi na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, mnyororo ukiwa umekazwa kwa kiwango chake. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hubanwa mabavu, mgongo wake ukachongoka, na upana ulioulipia hauufikii kwenye kona. Tena injini yenyewe ni ya cc 125, na kila kilo unayoongeza kwenye gurudumu utaihisi ukipanda. Mimi ningebaki na 4.10.

Kariakoo_Spea

Naomba niongeze mawili, kwa kuwa kazi yangu ni kuuza vipuri.

La kwanza ni rimu ya inchi 18. Mwalimu, tafadhali usikubali. Tofauti ya inchi 3 inapunguza kipenyo cha gurudumu kwa takriban sentimita 7.6, kwa hiyo sehemu ya mbele ya pikipiki inashuka karibu sentimita 4. Uma wa mbele unasimama wima zaidi kuliko ulivyokusudiwa, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mteremko, na gurudumu dogo linatumbukia kwenye mashimo ambayo lile la 21 lingeyavuka. Isitoshe, kipima mwendo chako kinaendeshwa na gurudumu la mbele, hivyo ukienda kilomita 40 kwa saa kitakuonyesha kama 45. Haya yote ni kwa ajili ya kuokoa fedha ya tairi moja, huku ukilipia rimu, spoki mpya na kazi ya kuzifuma.

La pili ni namna ya kuagiza. Ukitaja 2.75-21 peke yake, wengi watakujibu hakuna, kwa sababu bodaboda nyingi za Kichina zinatumia inchi 18 na Boxer zinatumia 17. Uliza pia 80/90-21 kwa mbele na 100/90-18 kwa nyuma, ambazo ni saizi za milimita zinazokaribiana na zako. Kisha soma namba na herufi inayofuata saizi. Kwa mbele, 45P ina maana kwamba tairi linabeba kilo 165 na linavumilia mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. Kwa nyuma, 59P ni kilo 243. Herufi hiyo ya mwendo isikusumbue, hata J ya kilomita 100 ingekutosha kwenye mlima ule, lakini namba ya uzito uitazame kwa makini kwa kuwa unapakia mtu na mzigo. Mengine yameandikwa 4PR au 6PR tu. Watu hudhani hiyo ni hesabu ya matabaka yaliyomo ndani, kumbe siku hizi ni kipimo cha uimara kinacholinganishwa na matabaka ya pamba ya zamani. 4PR inakufaa, kwa sababu ya 6PR huwa na ubavu mgumu unaoumiza kwenye mawe.

BintiBwanaShamba

Ndugu zangu, nashukuru sana. Rimu ya 18 nimeiondoa kabisa kichwani. Nimeongea na muuzaji wa Dar es Salaam ambaye amenipigia picha za ubavu wa matairi, ya mchanganyiko, 2.75-21 45P na 4.10-18 59P, na tarehe zake ni za mwaka jana. Swali langu la mwisho ni kuhusu tyubu. Zangu hazijapata pancha tangu nianze kuendesha. Naweza kuzirudisha? Na upepo niweke kiasi gani, maana kibandiko cha kiwandani kinasema 1.5 na vijana wa kujaza upepo huku wanaweka hadi 35?

FunguoKumiNaNne

Usizirudishe, mwalimu. Tyubu iliyokaa ndani ya tairi moja muda mrefu hutanuka, ukiiweka kwenye tairi jipya hujikunja, na pale ilipojikunja ndipo itakapopasuka. Nunua mpya za saizi hiyohiyo, pamoja na utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki, kwa sababu wa mwaka 1983 bila shaka umeshakatika. Hata ukikuta tairi limeandikwa kwamba halihitaji tyubu, kwenye rimu yako ya spoki lazima uweke, kwa kuwa hewa ingetokea kwenye matundu ya spoki.

Siku ya kufunga, simama hapohapo. Rimu isuguliwe kutu, na kidole kipitishwe ndani kuhakikisha hakuna spoki iliyochomoza. Tyubu ipakwe poda na ijazwe upepo kidogo ili ipate umbo kabla ya kuingia. Mshale ulio ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu, na kama kuna nukta ya rangi, ikae kwenye valvu. Mwambie fundi amalizie kuingiza ukingo wa tairi upande wa valvu, huku upande wa pili akiukanyagia katikati ya rimu palipo na bonde. Wengi huanza kwenye valvu, kisha mwishoni wanatumia nguvu na vyuma vinaing'ata tyubu. Wakishajaza, waachie upepo wote, wajaze tena, ili mikunjo ijinyooshe. Halafu zungusha gurudumu uangalie ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu, ambao unapaswa kuwa na umbali uleule kotekote. Nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu, ipandishe hadi kwenye kifuniko. Tairi likihama kwenye rimu utaona valvu imeinama, nawe utapata muda wa kurekebisha kabla haijang'oka.

Kuhusu upepo, 1.5 ni kilo kwa sentimita moja ya mraba, na kwa paundi ni kama 21. Vijana wanakupa kipimo cha bodaboda yenye abiria wawili na magunia. Fuata kibandiko, soma na mstari wake wa watu wawili, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Nunua kipimo chako mwenyewe, hakina bei kubwa.

Na magurudumu yakiwa chini, tazama beringi na viatu vya breki, maana tayari umeshalipia kazi ya kuyatoa.

MzeeWaMolo

Kilomita 100 au 150 za mwanzo nenda taratibu, usilale kwenye kona. Tairi jipya hutoka kiwandani na ngozi laini inayoteleza, nayo ni lazima iishe kwanza kwenye barabara kavu.

BintiBwanaShamba

Ndugu zangu, narudi na taarifa. Matairi yalifika kwa basi Ijumaa, na Jumamosi yalifungwa Lushoto nikiwa nimesimama pale hatua kwa hatua. Utepe wa rimu ya nyuma ulikuwa umebaki vipande viwili, na beringi moja ya mbele ilikuwa inakwaruza, tukaibadilisha. Tairi la zamani la mbele tulilikunja kwa mikono, likapasuka kwenye shina la kashata hadi nyuzi zikaonekana. Nilimpelekea baba alione, akalishika muda mrefu, akasema alilifunga mwenyewe.

Upepo ni paundi 21 kwa kipimo changu. Nimeshaenda kilomita 90 peke yangu, kwenye udongo mkavu na lami kavu, na usukani umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Mwanangu atapanda nikishafikisha 150, na Soni tutaipita kwanza siku ya jua.