Maji nyuma ya viti vya Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza: yanaingilia wapi?

Mpenda Paa Wazi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninamiliki Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa za mbele zinazoinuka, ikiwa na injini ya lita 1.6 na paa la turubai ambalo mmiliki aliyenitangulia alilibadilisha. Kila mvua kubwa inaponyesha, kapeti la nyuma ya kiti cha abiria hulowa, na asubuhi yake vioo huwa vimejaa ukungu kwa ndani. Upande wa dereva hubaki mkavu, isipokuwa gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko. Nimelikagua turubai na sikuona tundu wala mshono uliofumuka, na kioo cha nyuma cha plastiki, ingawa kimefifia, zipu yake bado inafunga vizuri.

Nimekwisha kununua springi fupi na shokomzoba zinazorekebishika, nami nimekusudia kuzifunga mwenyewe. Je, niendelee na kazi hiyo, au nishughulikie maji kwanza? Nina jeki, stendi na seti ya spana. Mashine ya kuchomelea sina.

Spana Kumi

Ndugu, dalili ulizozieleza zinaelekeza moja kwa moja kwenye mifereji ya paa. Gari hili halikubuniwa ili turubai lizuie maji yote kwa nyuma. Maji yanayoteremka juu ya kioo cha nyuma huangukia kwenye mkanda wa plastiki wenye umbo la mfereji, uliofichwa pale turubai linapokutana na bodi, na mkanda huo huyapeleka kwenye matundu mawili, moja kila upande, karibu na nguzo za mikanda ya usalama. Kutoka hapo hushuka kwa bomba na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani makavu, vumbi na nyuzi za turubai zikiziba tundu mojawapo, mfereji hufurika, na maji hayana pa kwenda ila ndani.

Lishushe paa nusu, yaani lifungue kwenye kioo cha mbele ulisukume nyuma kidogo bila kulikunja, kisha upapase kwa vidole kwenye kona iliyo nyuma ya bega la abiria. Ondoa takataka zote utakazozifikia, halafu mimina kikombe cha maji polepole huku mtu mwingine akichungulia chini. Maji yanapaswa kutoka karibu papo hapo. Fanya hivyo upande wa pili pia ili upate cha kulinganisha. Yakichelewa, pitisha uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, ambao hupinda pamoja na bomba bila kulitoboa. Ukishindwa, tumia upepo wa kompresa kutokea chini.

Mzee wa Gereji

Ninaafikiana na ndugu Spana Kumi katika yote isipokuwa kompresa. Bomba hilo lina umri mkubwa na maungio yake yamekauka. Upepo wenye shinikizo unaweza kulichomoa mahali usipopaona, na kuanzia hapo maji yatamwagika ndani ya bodi huku wewe ukiamini kwamba umezibua. Maji ya uvuguvugu, uzi wa nailoni na subira vinatosha. Wako pia wanaokata wavu mdogo ulio mdomoni mwa tundu ili maji yapite kwa kasi. Mimi sioni faida yake: takataka iliyokwama juu huondolewa kwa vidole, lakini iliyokwama katikati ya bomba ni kazi ya mchana mzima.

Kabla ya kuihukumu mifereji, hata hivyo, zipime raba za vioo vya milango na ile ya juu ya kioo cha mbele. Zipake unga wa chaki, funga paa na milango, kisha fungua uangalie: pale ambapo chaki haikuhamia upande wa pili, raba haigusi. Ndoano za lachi za paa, yaani vifungio vinavyolibana kwenye kioo cha mbele, hurekebishwa kwa kuzizungusha, nazo mara nyingi zimelegea bila mwenye gari kujua. Baada ya hapo tumia bomba la bustani lenye maji ya taratibu, ukianzia chini na kupanda juu kidogo kidogo, mtu akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali nawe hutajua yaliingilia wapi.

Kutu Adui

Naomba niligusie swali la springi, kwa kuwa limepitwa. Maji yanayopita kwenye mifereji hiyo hutokea jirani na ncha ya nyuma ya kizingiti cha mlango, yaani boriti ya bodi iliyo chini ya mlango, na eneo hilo ndilo linaloongoza kwa kuoza katika vizazi viwili vya kwanza vya gari hili. Gari lisilo na paa la chuma hutegemea sana vizingiti hivyo ili lisijipinde. Ukifunga springi ngumu juu ya chuma kilichooza, nguvu ambazo springi laini zilikuwa zikizimeza zitahamia kwenye bodi, na hiyo shokomzoba ya gharama haitakuwa na mahali imara pa kushikilia. Ningesubiri.

Nyanyua gari, uliweke juu ya stendi, na ukigonge kizingiti kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Mlio ukibadilika kutoka mkavu kuwa mzito, au rangi ikiwa imefura, kuna tatizo ndani hata kama nje panang'aa. Jihadhari na gari lililopakwa lami nene chini: mara nyingi lami hiyo huziba vitundu vya kutolea maji vilivyo kwenye mshono wa kizingiti, na kutu huendelea kula kwa siri. Vizibue, acha ndani pakauke kabisa, ndipo upulizie nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu.

Kapeti nalo usilikaushe likiwa limelala. Sifongo iliyo chini yake hutunza maji kwa muda mrefu ajabu. Viti vya kizazi cha kwanza hutoka kwa kufungua boliti nne kila kimoja. Katika vizazi vya baadaye vyenye mifuko ya hewa ndani ya viti, betri hutenganishwa kwanza.

Mpenda Paa Wazi

Ninawashukuru nyote. Bomba la upande wa abiria lilikuwa limeziba kwa tope na sasa linapitisha maji sawa na lile la dereva. Raba na lachi hazina kasoro. Vizingiti vinatoa mlio mkavu pande zote mbili, jambo lililonipa faraja kubwa. Hata hivyo, kwa jaribio la bomba la bustani bado matone machache yanaingia, na kwa tochi nimeona ufa kwenye mkanda wa plastiki, karibu na kona ileile. Je, silikoni itatosha?

Mzee wa Gereji

Haitatosha. Silikoni haishiki vizuri kwenye plastiki hiyo, na itabanduka mara paa litakapokunjwa. Kwa muda, safisha ufa kwa spiriti na uufunike kwa utepe wa butili, yaani utepe wa mpira laini unaonata, ukiubandika upande wa juu ambako maji hupita. Tiba kamili ni mkanda mpya. Watu wengi wakibadilisha turubai huurudisha mkanda wa zamani ili kupunguza gharama, na nadhani ndivyo ilivyokuwa kwako.

Utalazimika kuondoa kapeti la nyuma ya viti ili uzifikie nati zinazobana pau za chuma juu ya mkanda. Spana ya 10 inatosha. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla, kwa sababu skrubu zake ni nyembamba na hukatika kwa urahisi, na kuitoa iliyokatika katika nafasi ile finyu kunachosha kuliko kazi nyingine yote. Wakati wa kurudisha, anzia katikati ukielekea pembeni, na usikaze kwa nguvu mpaka uhakikishe kwamba ncha zote mbili za mkanda zimeingia ndani ya midomo ya mifereji.