Wakwe wanakuja Jumamosi, niwapeleke wapi wakale? Niko Pangani

Mgeni_Pangani
Wadau, habari zenu. Nimehamia Pangani, Nairobi, miezi minne iliyopita kutoka Nakuru na bado sijajua watu wa hapa wanakula wapi. Upande mmoja nina Eastleigh, upande wa pili Ngara na Parklands, nikiteremka kidogo ni Kariokor. Nimezungukwa na hoteli za Wasomali, Waoromo, Wahindi, Waswahili na vibanda vya chapo madondo kila kona, na kila Jumapili naishia chipsi kuku.

Sasa wazazi wa mke wangu wanafika Jumamosi kutoka Kitui, mara ya kwanza kukanyaga kwetu. Mke amesema siku hiyo hapiki, na ana haki, atakuwa ametoka zamu ya usiku. Tutakuwa sita: wazee wawili, sisi wawili, watoto wawili. Baba mkwe bila ugali hajala. Mama mkwe aliacha nyama zamani, na samaki hagusi. Nina 4,500, nikijikaza 5,000.

Mwezi jana nilifuata nyota za mtandaoni. Nyota nne na nusu, picha za kuvutia, taa za rangi ukutani. Tulingoja zaidi ya saa nzima, wali ukaja baridi, na kwenye bili kulikuwa na pesa za huduma ambazo menyu haikutaja. Yakinipata hayo mbele ya wakwe nitahama tena. Nyinyi mnatambuaje hoteli nzuri kabla hamjaketi?

DerevaWa9
Nyota za nini? Fuata hamali. Pale Eastleigh wale wanaosukuma mikokoteni na kubeba magunia wanakula mara moja kwa siku, na hawana pesa ya kujaribu. Wakijaa mahali saa saba mchana, hapo chakula ni kingi, ni cha moto, na hakijawahi kuwakata tumbo. Mimi nimekula nyuma yao miaka yote niliyokuwa kwa matatu za namba 9.

Ila usiende Ijumaa adhuhuri, utakuta milango nusu imefungwa, watu wako msikitini.

NyamaNiNyama
Mbona unajisumbua? Peleka mzee soko la nyama la Burma akachague mguu wa mbuzi, upimwe kilo mbele yake kabla haujaingia jikoni, ugali na kachumbari pembeni. Mkamba gani atakataa hiyo?

Mgeni_Pangani
@NyamaNiNyama mzee atafurahi sana. Na mama atakula kachumbari?

NyamaNiNyama
Na ugali.

Binti_SectionTwo
Huyo mwache. Kaka, mimi nimezaliwa Eastleigh, wacha nikueleze hoteli zetu zinavyokwenda, kwa sababu wageni wengi wanaingia saa yao na kuagiza chakula chao, kisha wanasema Wasomali hawajui kupika.

La kwanza ni saa. Asubuhi ni anjera, ini, na suqaar, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kitunguu. Mchana ndio mlo wenyewe: wali na nyama ya mbuzi au ya ngamia. Sufuria inapikwa moja, kubwa, na ikiisha imeisha. Ukifika saa kumi ukaambiwa wali hakuna, usikasirike, hiyo ni dalili njema. Ogopa ile hoteli ambayo saa kumi na mbili jioni kila kitu kilichoandikwa ukutani bado kipo.

La pili, weka menyu chini. Muulize kijana, "Leo kuna nini?" Akijibu "kila kitu," toka pole pole. Akijibu "mbuzi amebaki kidogo, ngamia ametoka sasa hivi," kaa.

Supu inakuja kwanza, mara nyingi bila kuagiza, pamoja na ndizi na basbas, pilipili yetu ya kusaga. Onja kwa ncha ya kijiko, tafadhali, hasa mbele ya wakwe. Watoto waagizie federeshen: nusu wali, nusu tambi, sahani moja. Tambi tulirithi kwa Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia, na siku hizi hatukumbuki kama zilikuwa zao.

Ugali wa mzee usikutie wasiwasi. Sisi tunao, tunauita soor. Uliza tu, hoteli nyingi zinausonga hata kama haujaandikwa.

Kwa mama nitakuambia ukweli: kwetu mtu asiyekula nyama anapata taabu. Hata wali unaoonekana mtupu, mara nyingi umepikwa kwa supu ya nyama. Ladha ile ndiyo hiyo. Kwa hiyo usiulize "mna wali bila nyama?" Watakuambia upo, watakutolea nyama juu, basi. Uliza ulipikwa kwa maji au kwa supu.

Mgeni_Pangani
Dada, ahsante sana. Hilo la supu lingeniumbua. Mama angekula, halafu ajue akiwa Kitui.

Shiro_Kila_Siku
Kwa mama, Wahabeshi ndio dawa. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, na mfungo wao ni kuacha nyama, maziwa na mayai. Kwa sababu hiyo wana upishi mzima wa watu wasiokula nyama, si kama sisi tunaompa mtu kabichi na kumwonea huruma. Ukienda siku nyingine pia, hoteli nyingi huwa na chakula hicho. Kuna shiro, uji mzito wa dengu za kusaga, dengu nyekundu zenye pilipili, na mboga za majani. Vyote vinamwagwa juu ya injera.

Injera yao si anjera ya Wasomali, usichanganye. Ile ya Kisomali ni ndogo na laini, unaweza kuila na chai. Ya Kihabeshi ni pana kama sinia, ina uchachu, na iliyo halisi ni ya nafaka ya tefu. Mnaketi wote, sinia moja katikati, kila mtu anamega upande wake. Baadaye kahawa, inachemshwa raundi tatu. Wakwe watapenda.

Mzee_wa_Mwala
Vijana. Nimesoma kimya mpaka hapo pa "sinia moja". Sinia moja na mama mkwe?

Wewe Mgeni, sijui kwenu ni wapi, lakini umeoa Ukambani. Kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima pamoja na haya, na kati ya mkwe na mama mkwe ndipo inapokaa zaidi. Zamani mlikuwa hata njiani mnapishana. Siku hizi tumelegeza, mnaketi nyumba moja, mnasalimiana, lakini kumega mkate mmoja vidole vikigusana ni jambo jingine. Mama atasema ameshiba kabla hajaanza. Hatakuambia kwa nini, na mkeo naye atanyamaza mpaka usiku.

Tafuta mahali penye sahani za kila mtu. Pakiwa na meza mbili zinazokaribiana, bora zaidi: wewe na mzee huku, mama na bintiye na watoto kule.

Mgeni_Pangani
Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni Mluhya, hata kwetu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye, lakini hili la sinia halikuniingia akilini kabisa. Nimemuuliza mke sasa hivi. Amecheka mpaka akakaa chini. Nadhani hilo ni jibu.

Shiro_Kila_Siku
Nimekosea, Mzee. Mimi mke wangu ni wa Dessie, Ethiopia, kwao usipokula sinia moja ndio unaulizwa una ugomvi na nani. Lakini ukisema kila mtu na sahani yake wanakupa, injera wanakunja kama kitambaa. Shiro inakuja kwa bakuli.

Kizazi_cha_Tatu_Parklands
Na sisi mmetusahau? Huku Wagujarati wengi hawali nyama maishani, na Wajaini hata kitunguu na saumu hawali, kwa hiyo mama atachagua mpaka achoke. Nenda ukumbi wa Diamond Plaza: majiko mengi, meza moja, kila mtu anaagiza jiko lake. Watoto wape bhajia za Maru, viazi vilivyokatwa vyembamba na kupakwa unga wa dengu. Wengine wanadhani zimetoka India, kumbe ni za hapa hapa Nairobi, za familia ya Maru.

Ugali ndio sina. Siwezi kudanganya.

Afya_Mtaani
Nimefanya kazi ya ukaguzi wa vyakula, niongeze machache. Mpishi na mhudumu wanatakiwa kuwa na cheti cha afya, na kinafanywa upya kila miezi sita. Una haki ya kuuliza, ingawa ukienda na wakwe usianze kuomba vyeti, hehe. Angalia vitu vyepesi. Bomba la kunawia lina maji yanayotiririka, au kuna ndoo tupu na kipande cha sabuni kilichokauka? Anayepokea pesa ndiye anayeshika chapati? Kisha nenda chooni kabla ya kuagiza. Mwenye hoteli anasafisha mahali unapopaona; choo kinakuambia anavyofanya mahali usipopaona.

Kuhusu bili: hoteli kubwa zinatoza VAT asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2. Uliza mapema kama bei ya menyu imejumlisha vyote. Kwa hoteli za mtaani utaambiwa bei kwa mdomo, basi sema jumla mwenyewe kwa sauti kabla chakula hakijaja.

Binti_SectionTwo
Na usiende Jumamosi bila kupaona. Nenda Alhamisi peke yako, ule kidogo. Mwenye hoteli akikuona mara ya pili na wazee, atakutafutia meza hata kama hakuna.

Mgeni_Pangani
Nimerudi, ni Jumapili.

Alhamisi nilitoka kazini mapema nikaenda Eastleigh. Ya kwanza nilipouliza "leo kuna nini" nikaambiwa kila kitu, nikakumbuka dada, nikatoka. Ya pili choo kilinishinda. Ya tatu iko uchochoroni karibu na Second Avenue, haina hata bango la maana, mikokoteni minne nje (@DerevaWa9 heshima zako). Mwenyewe ni Msomali, mpishi ni mama wa Kioromo, kwa hiyo wana wali na ngamia, na shiro pia. Nikauliza shiro inapikwa na nini. Mama akatoka jikoni mwenyewe kunijibu: mafuta ya kupikia, kitunguu, pilipili. Nyama haikaribii ile sufuria. Nikala, nikasema Jumamosi saa saba tuko sita, meza mbili.

Jana tumefika, meza mbili zimewekwa, moja nyuma ya nguzo. Nthoni imepata mpaka ukuta! Mama alikula shiro na injera yake, akaongeza, akamwita mpishi wakaongea kwa Kiswahili cha mikono nusu saa kuhusu namna ya kusaga dengu. Watoto walimaliza federeshen. Mzee aliletewa soor, akaubonyeza kwa kidole kwanza, akanyamaza, akasema, "Hii ni ngima," yaani ugali kwa Kikamba. Alikula na mbuzi, supu akarudishiwa mara mbili bila kulipa.

Jumla 4,150, nikalipia till ya M-Pesa, hakuna kilichoongezwa.

Kasoro moja. Ile ndizi iliyokuja na wali hatukujua inaliwa lini, na hakuna aliyetaka kuuliza mbele ya mwenzake. Mzee alingoja mhudumu ageuke akaitia mfukoni mwa koti. Leo asubuhi mke ameikuta imepondeka. Inaliwa pamoja na wali au baada ya wali?

Binti_SectionTwo
Pamoja! Unaikata vipande ndani ya wali ule ule. Mwambie mzee arudi, ana deni la kuimaliza.

NyamaNiNyama
Ndizi ndani ya wali. Na mimi ndiye mlinicheka kwa kachumbari.