Kukata makuti mabichi ya mnazi: je, nimeiharibu minazi yangu?

Mkazi wa Bagamoyo:
Ndugu zangu, nina minazi mitano uwanjani, na mwezi uliopita nilimwajiri kijana aisafishe kabla ya kusi kushika kasi. Niliporudi jioni nilikuta amekata mabichi kwa makavu, akabakiza makuti manne yaliyosimama wima, na sasa vidaka, yaani nazi changa kabisa, vinapukutika kila siku. Je, minazi hii itapona, na ni makuti yapi yaliyostahili kukatwa?

Mkwezi mstaafu, Pangani:
Pole sana. Ikiwa shaha, yaani moyo mchanga wa mnazi ulio kileleni, halikuguswa, minazi haitakufa. Lakini fahamu kwamba mnazi hukua kwa kilele kimoja tu, nacho kikikatwa au kikioza, hakichipui kitu ubavuni kama ufanyavyo mwembe. Vidaka vinaanguka kwa sababu kila kole, yaani kichala cha nazi, hutoka kwenye kwapa la kuti lake, na kuti hilo ndilo linalolilisha na kulibeba. Mnazi wenye afya huwa na makuti kama 30 na hutoa takriban moja kila mwezi, kwa hiyo kijana wako amekula kazi ya miaka miwili kwa alasiri moja. Sisi tulikata lililokauka na kuning'inia tu. Kuti bichi lililolala sawa na ardhi, au lililoinuka kuliko hapo, halikuguswa. Mkatazeni pia kuchanja vidato vipya, yaani vile vikato vya kukanyagia wakati wa kukwea, kwani shina la mnazi halizibi jeraha: kidato hubaki pale maisha yote na maji huingia.

Mkulima wa Kilifi:
Nakubaliana na mzee, ila nisingelaumu panga peke yake. Mdudu anayefyonza vidaka huviangusha vilevile, na adui yake mkubwa ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, ambao wakwezi wengi huwafukuza kwa kuwa wanauma. Waacheni. Jambo jingine, makuti ya chini yakiwa na madoa ya manjano au rangi ya chungwa, msiyakate kwa ajili ya sura, kwa sababu mnazi uliopungukiwa na potasiamu huichota humo ili kulisha makuti machanga. Majivu ya kuni yaliyotawanywa kulizunguka shina husaidia.

Mkazi wa Bagamoyo:
Ahsanteni. Nimeangalia leo: katika minazi miwili, kuti jipya limefunguka likiwa limekatwa pembe tatu, kana kwamba kwa mkasi.

Mkwezi mstaafu, Pangani:
Huyo ni chonga, yule mbawakawa mkubwa mwenye pembe. Harufu ya majeraha mabichi humvuta, naye hutoboa kuelekea kwenye shaha. Mpandishe mtu mwenye waya uliopindwa ncha kama ndoana, amtoe tunduni, kisha tafuta gogo lolote la mnazi linalooza au lundo la samadi lililo karibu, maana funza wake hukulia humo. Gogo lipasuliwe na kuchomwa. Panga libaki ndani mpaka makuti yarudi.