MJADALA: Kura tatu za 1958, busara au kusalimu amri? Nawauliza hasa watu wa Tanga

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote.

Jana baada ya alasiri baraza letu la kahawa hapa Ngamiani liligawanyika kwa swali la mtoto wa kidato cha nne. Mwalimu wake amemtaka aandike tukio moja, moja tu, lililogeuza mapambano ya uhuru wa Tanganyika. Mzee mmoja wa asili ya Pangani akasema hapo hakuna la kujadili, ni vita vya Abushiri. Mwingine akashika 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa. Mimi nikasema Tabora, Januari 1958, mkutano wa TANU ulipoamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu. Basi ikawa kelele, wengine wakiniambia nasifia siku tuliyoinama mbele ya mkoloni. Naileta hoja hapa niimalize kwa utulivu.

Nianze na Abushiri, maana sipendi aonekane namdharau. Agosti 1888, kampuni ya Wajerumani ilipotaka kupandisha bendera yake Pangani, watu wa pwani walikataa, na moto ukashika Sadani, Bagamoyo, hadi kusini. Berlin ikamleta afisa wake Wissmann na askari wa kukodi. Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri wa Sadani akaendelea kupigana mpaka mwaka uliofuata. Huo ni ushujaa ambao wajukuu zetu lazima waujue. Lakini matokeo yake ni kwamba kampuni iliondoka kwenye kiti na serikali yenyewe ya Ujerumani ikakikalia. Mtoto ameulizwa kilichoelekeza nchi kwenye uhuru. Vita vile vilitufundisha kukataa. Mlango vilikuwa bado havijaufungua.

Na kama ni mizizi, Tanga tunayo ya kwetu ambayo wengi hatuitaji. Mwaka 1922 Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha mjini hapa chama cha Waafrika watumishi wa serikali, Wakristo na Waislamu, wa kabila lolote, meza moja. Miaka saba baadaye Dar es Salaam ikapata African Association, ndiyo iliyokuja kuitwa Tanganyika African Association, TAA, na ndani ya TAA ikatoka TANU. Haya.

Sasa kura tatu. Kwa asiyejua: Waingereza walikubali uchaguzi, lakini kila jimbo litoe wabunge watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na kila mpiga kura lazima achague wote watatu, la sivyo kura yake imeharibika. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama 20,000. Halafu si kila mtu anapiga: uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu waliyoitaka wao, au cheo.

Hapo naomba nimlete babu yangu mzaa mama. Alitoka Kasulu, akaletwa kama manamba kukata mkonge upande wa Muheza. Kadi yake ya kipande ilikaa kwa bibi kwenye kopo la majani ya chai, nimeishika kwa mkono wangu. Vyumba thelathini, kila kimoja siku moja ya kazi. Ukimaliza mafungu yako, majani thelathini kila fungu, ndipo nyapara anatia alama. Usipomaliza, chumba kinabaki kitupu na siku hiyo umeivujia jasho bure. Kadi isipojaa, hakuna mshahara. Ile kadi ina vyumba vinne vitupu, na bibi alikuwa akisema ni homa. Mtu kama huyo, hata angejaza vipande kumi na viwili mfululizo bila kuugua, asingeikaribia hiyo shilingi 3,000. Mkonge aliokata ndio ulioongoza mauzo ya nchi nje, na kura hana.

Kwa hiyo nawaelewa waliosimama Tabora wakasema tususie. Hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Zuberi Mtemvu alitoka TANU kwa ajili hiyo akaunda chama chake.

Lakini tazameni upande wa pili. Kulikuwa na UTP, United Tanganyika Party, chama kilichoundwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining. TANU ikisusia, UTP inaingia peke yake Barazani, yaani Baraza la Kutunga Sheria, kisha London inaambiwa: hawa ndio wawakilishi wa Tanganyika. Nyerere aliliona hilo, na wazee wa Tanga wamesimulia kwamba kabla ya Tabora alikuja hapa kwanza, akakaa na kina Mwalimu Kihere na Sheikh Abdallah Rashid Sembe kuitafuta njia ya kuupitisha uamuzi ule mgumu. Mimi nayachukulia masimulizi hayo kwa uzito. Tanga haikuwa mtazamaji.

Yaliyofuata yanajieleza. Sheria ile ya kuchagua watatu, iliyotungwa kuwabana Waafrika, ikawageukia walioitunga: wagombea wa Kizungu na wa Kiasia walijikuta wanahitaji kura za Waafrika, na TANU ikawaunga mkono watu kama Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa. UTP ikafagiliwa. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Na jambo ambalo kila nikilikumbuka linanichoma: mwaka huohuo wa 1958 Nyerere alihukumiwa kwa kesi ya kashfa, faini pauni 150. Kiasi kilekile walichokiweka kwenye mlango wa kura.

Karibuni.

NYONGEZA, baada ya kuwasoma

Ndugu mmoja ameandika kwamba Mtemvu alikuwa sahihi, kura ya rangi ni dhuluma na dhuluma haiingiwi. Kaka, kwamba ni dhuluma tunakubaliana, na TANU yenyewe ilisema hivyo. Tunapotofautiana ni kwenye la kufanya. Kususia kungetuachia heshima yetu na kuwaachia wao Baraza. Mimi siwezi kumwambia marehemu babu angeongeza miaka mingine mitano ya kipande ili heshima yangu ibaki safi.

Dada aliyeandika kuhusu migomo amenitikisa zaidi, nakiri. Anasema Waingereza hawakuogopa masanduku ya kura, waliogopa mashamba kusimama, na ametaja mgomo wa Mazinde, upande wa Korogwe, ulioanza mwaka huohuo wa 1958. Ana hoja nzito. Gavana mpya, Turnbull, alitokea Kenya na alikuwa ameyaona ya Mau Mau kwa macho yake. Oktoba 1958 akatamka Barazani kwamba serikali itakayokuja itakuwa ya Waafrika wengi. Mtu wa namna hiyo bila shaka alikuwa akisoma taarifa za mkonge sambamba na matokeo ya kura. Kwa hiyo narekebisha: Tabora peke yake isingetosha. Waliokuwa na kura waliingia kwa kura, na wasiokuwa nayo waliweka panga chini. Bado nashika kwamba bila Tabora, mgomo ungezimwa kama migomo ya makuli wa bandarini ilivyozimwa miaka ya nyuma, maana ndani ya Baraza kusingekuwa na mtu wa kuusemea.

Babu alipiga kura yake ya kwanza Novemba 1962, uchaguzi wa Rais.

Sasa naomba jambo moja kwa wenye wazee Korogwe, Muheza na Pangani. Aliyekuwa shambani 1958 na bado yupo, mkae naye mumuulize leo hii: kule kambini, habari ya Tabora ilifika? Nani aliileta, na waliokuwa hawana kura waliipokeaje? Mniandikie alivyosema yeye, kwa maneno yake.