"Kwani ulifuta kweli, au ulidhani umefuta?" Nimeambiwa hivi MBELE YA MHASIBU

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka. Chai nimeiacha mezani, na chapati yangu nadhani ameshaila yeye.

Mnamjua, msimamizi wetu wa hifadhidata. Yule anayevaa funguo za chumba cha seva shingoni kama nishani ya Uhuru. Ukimuuliza kitu: "Soma maelekezo." Maelekezo hajawahi kuyaandika tangu Nuhu atie nanga.

Diski imefika asilimia 97. Wiki nzima nafuta picha za vitambulisho vya wateja wa zamani, rekodi 40,000, nazikagua kama nachambua mchele wa harusi. Naangalia diski: 97. Nafuta tena: 97. Leo nikamwambia kikaoni, kwa adabu zote, kaka nafasi hairudi. Akacheka kwanza. Akamtazama mhasibu. Ndipo: "Kwani ulifuta kweli, au ulidhani umefuta?"

Mbele ya mhasibu, jamani. Kijana wa fildi aliyekuja Jumatatu naye akacheka!

Kumbe yeye ndiye aliyepanga picha zikae kwenye hifadhidata yetu ya PostgreSQL kwa mtindo wa oid. Rekodi inabeba namba tu. Picha yenyewe imekatwa vipande vya kilobaiti 2 ndani ya jedwali lingine, pg_largeobject. Ukifuta rekodi, umefuta namba. Picha inabaki humo haina mwenyewe, mpaka uite lo_unlink, amri ya kuifuta picha yenyewe, au upitishe vacuumlo, programu ya kufuta picha zisizo na mwenyewe. Triga ya kuifuta picha pale rekodi inapofutwa hakuweka. Hakumwambia mtu. Halafu ananiuliza mimi kama nilidhani nimefuta!

Mbele ya mhasibu.

Kisiki cha Mpingo: Pole mkuu. Ila tuwe wakweli, kwa maelezo yako mwenyewe, si ulidhani umefuta? 😂😂

Bi Seva: Jamaa ana roho mbaya lakini hajakosea. Na vacuumlo peke yake haikutoi. Ukifuta, vile vipande vinakaa kama maiti mpaka VACUUM, amri ya kusafisha vilivyofutwa, ipite, na VACUUM ya kawaida mara nyingi inaacha nafasi humo humo itumike tena, diski haioni kitu. Ya kurudisha ni VACUUM FULL. Hiyo inafunga jedwali, na inaandika nakala mpya pembeni kabla ya kuachia ya zamani. Wewe una asilimia 3. Kila la heri.

Mleta uzi: Yaani ili nipate nafasi lazima kwanza niwe na nafasi?

Bi Seva: Kama mkopo wa benki, mdogo wangu.

Ngalawa Kavu: Mnalia na picha nyie? Sisi tuko Oracle, hifadhidata nyingine, ripoti ya usiku inakufa kila siku na ORA-01555, kosa la kukosa toleo la zamani la data. Wa kwetu (naye mnamjua) akapanua undo, sehemu ya kutunzia matoleo ya zamani, mara tatu, diski zikanunuliwa. Bure! LOB zetu, yaani data kubwa kama picha, ni za ule mtindo wa kabla ya SecureFiles, matoleo yake ya zamani hayakai undo, yanakaa humo humo kwenye segimenti ya LOB. PCTVERSION, asilimia ya nafasi ya kutunzia matoleo hayo, iko 10 vilevile ilivyozaliwa. Nilisema, nikaambiwa nina kiherehere.

Kisiki cha Mpingo: Mmenunuliwa diski?? Kwetu kuomba flashi tu ni sahihi nne, na ya tano yuko likizo.

Mama Wawili: Flashi mnapewa? Sisi chai yenyewe imefutwa. Na hiyo ilifutwa kweli, haikudhaniwa.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mhasibu mpaka sasa hivi nikipita anashika mdomo.

Ngalawa Kavu: Mama Wawili, mnakunywa wapi sasa?

Mama Wawili: Kwa dada wa pale kona. Chapati mia tano, nyembamba unaona upande wa pili.

Kisiki cha Mpingo: Mia tano bado ipo? Kona ipi hiyo?

Mleta uzi: Nimepitisha vacuumlo. Bado 97.

Ngalawa Kavu: Mama Wawili usimjibu huyo Kisiki, atazimaliza. Nitumie mimi lokesheni.