Tupeane uzoefu: kuchonga na kuprogramu ufunguo wa akiba wa gari, Mtwara na Lindi

MwanaMikindani

Wakuu, heshima yenu. Naleta jambo linaloumiza watu wa kusini na halisemwi mpaka mtu awe ameshakwama. Gari nyingi tunazoagiza Japani zinashuka bandarini na ufunguo mmoja tu. Mtu analipa ushuru, anabadilisha tairi, anafunga redio, ufunguo wa pili anausogeza mbele kila mwezi. Ukiupoteza huo mmoja ukiwa Dar, fundi utampata mtaa wa pili. Ukiupoteza ukiwa Kitangari au Liwale, hesabu ni nyingine kabisa.

Gari langu ni Toyota IST. Kabla ya kwenda kwa fundi nilitaka kujua kama lina chipu, kile kidude ndani ya kichwa cha ufunguo ambacho gari hukitambua ndipo injini iwake, maana bei na kazi vinaachana hapohapo. Wengi wanadhani gari lenye rimoti lazima liwe na chipu. Sivyo. Kuna rimoti za kufunga na kufungua milango tu, na ufunguo wenyewe ni chuma kitupu. Dalili ya kwanza iko kwenye dashibodi: zima gari, toa ufunguo, angalia kama kuna kitaa chekundu chenye alama ya gari na ufunguo au kufuli kinachowaka na kuzimika. Dalili ya pili ni foili, ile ya kufungia chakula. Zungushia kichwa cha ufunguo mara kadhaa kisha washa. Starta ikizungusha lakini injini isishike, na ukiitoa foili gari likawaka, basi chipu ipo.

Langu halikuwa nayo. Nilichongewa Mtwara mjini, nikaujaribu palepale kwenye swichi ya kuwashia, mlango wa dereva na mlango wa nyuma, nikaondoka. Gharama haikukaribia hata robo ya tairi moja jipya.

Leteni yenu. Gari gani, ufunguo wa aina gani, mlichongea mji upi, na kipi kilisumbua. Majina ya mafundi na namba zao tusiweke hapa.

MkulimaTandahimba

Hilux ya zamani, haina chipu, haina rimoti. Mwanzoni nilichongewa ufunguo ukafungua mlango vizuri lakini kwenye swichi ukawa unakwama, mpaka uutikise. Fundi mwingine akanionyesha sababu. Ile mashine ya kuchongea inafuata ufunguo uliouleta, meno kwa meno. Ufunguo wangu umetumika miaka mingi na meno yameshalika, kwa hiyo ulionakiliwa umezaliwa mzee, na hitilafu ndogo ya mashine ikaongezeka juu yake.

Alichofanya: akafungua kitasa cha mlango wa abiria, ambacho hakitumiki sana, akapima vile vibati vya ndani kimoja kimoja, akachonga kwa vipimo vyake. Sasa unazunguka kama mpya. Msimu wa korosho gari linabeba mzigo kutoka shamba hadi ghala la chama usiku na mchana, dereva wangu na mimi kila mmoja ana wake.

MwalimuNewala

Shikamooni wakubwa. Mimi nina kisa cha kupoteza ufunguo wa pekee, na nakisimulia kirefu kwa sababu sitaki kimpate mwingine.

Gari ni Nissan, lenye chipu. Tulikuwa Masasi kumzika mkwe wetu. Watu wengi, mizigo, masufuria, watoto wanaingia na kutoka kwenye gari. Jioni tunataka kuondoka, ufunguo haupo. Tulipekua mikeka, tulipekua mifuko ya wageni kwa adabu, tulichekecha hadi majivu ya jikoni. Haukuonekana mpaka leo.

Shemeji alitafuta fundi wa pale Masasi. Akafungua mlango bila kuharibu kitu, na akachonga ufunguo kwa kusoma kitasa. Swichi ikageuka, taa za dashibodi zikawaka, injini ikagoma. Alituambia ukweli tangu mwanzo, kwamba kuchonga anaweza ila mashine ya kuprogramu, yaani ya kuandikisha chipu mpya kwenye gari, hana, na namheshimu kwa hilo. Wapo ambao wangeanza kukata nyaya. Ilibidi fundi mwingine apande kutoka Mtwara, karibu kilomita 200, na tukalipa kuja kwake, kulala kwake na kazi yenyewe.

Alichomeka mashine kwenye ile soketi ya chini ya usukani. Kwa Nissan ile ilihitajika namba ya siri inayosomwa kutoka kwenye gari lenyewe kabla halijakubali ufunguo mpya. Katikati ya kazi umeme wa betri ukashuka, maana gari lilikaa siku nzima mlango wazi na taa za ndani zinawaka. Akasimamisha kila kitu, akaomba gari jingine tuunganishe betri, ndipo akaendelea. Alisema umeme ukikatika wakati mashine inaandika unaweza kuua kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, na hapo kilio kingekuwa kingine.

Tukatengeneza funguo mbili papo hapo. Wa pili uliongeza fedha kidogo mno ukilinganisha na tulichokwisha kulipa, kwa kuwa fundi ameshafika na mashine imeshaingia. Ule uliopotea ulifutwa kwenye kumbukumbu ya gari, hauwezi tena kuwasha injini. Lakini sikilizeni hili: bado unafungua mlango! Meno yake ni yaleyale. Kwa hiyo mimi siachi mkoba wala karatasi za mitihani ndani ya gari tena. Tulitoa pia taarifa polisi ya kupotelewa na mali, na fundi kabla ya kuanza alidai kuona kadi ya gari na kitambulisho cha mume wangu. Fundi asiyeuliza hivyo, muogopeni.

NahodhaMsangamkuu

Pole sana mwalimu, na poleni kwa msiba.

Mimi wangu ulidondoka baharini wakati nashuka kwenye pantoni, maji kupwa, vijana wakauopoa. Toyota yenye chipu na rimoti pamoja. Ajabu gari liliwaka vizuri, ila vitufe vya milango vikafa baada ya siku chache. Kuna anayejua kwa nini?

FundiFunguoLigula

Nahodha, chipu haina betri. Ni kitu kidogo kilichozibwa pande zote. Kwenye swichi, pale unapoingiza ufunguo, kuna koili ya duara. Ukigeuza ufunguo, koili inaipa chipu nguvu kwa sumaku, chipu inajibu kwa namba yake, gari linalinganisha na namba lilizozihifadhi. Ikilingana, injini inaruhusiwa. Maji ya chumvi hayaingii humo. Rimoti ni saketi nyingine yenye betri yake, na chumvi ikikutana na umeme inakula shaba. Ukiokota ufunguo baharini, toa betri hapohapo, suuza saketi kwa maji ya bomba, ikaushe vizuri ndipo urudishe betri mpya. Usingoje ufike nyumbani.

Mwalimu ameeleza vizuri, niongeze machache ya kazini.

Njoo na funguo zote ulizonazo, hata ule unaoona umechakaa. Kuna magari ambayo ukianza kuandikisha ufunguo mpya yanafuta yote ya zamani, na usioletwa siku hiyo unabaki chuma. Wateja wanalalamika kwamba fundi kaua ufunguo wa mke nyumbani, kumbe ndivyo gari lilivyoundwa.

Kwenye Toyota tazama ubapa wa chuma karibu na kichwa. Ukiona nukta, au herufi G, au H, hiyo ni aina ya chipu. Chipu ya G haiingii kwenye gari la H. Piga picha umtumie fundi kabla hujafunga safari, ili aagize inayofaa. Safari nyingi za bure kutoka Nachingwea na Ruangwa zinatokana na hili tu.

Halafu kuna kunakili na kuna kuprogramu. Kunakili ni kuchukua namba ya chipu yako na kuiandika kwenye chipu nyingine, gari lenyewe haliguswi. Ni rahisi na ni haraka. Ubaya wake, gari linaona ufunguo mmoja tu. Pacha mmoja akiibiwa huwezi kumfuta ukambakisha mwenzake. Mimi mteja nikimweleza hivyo, wengi huchagua kuprogramu, na nadhani wanachagua vizuri.

MamaMitwero

Mie nina Toyota ya kubonyeza kitufe, niko Lindi mjini. Niliagiza smati kii, ule ufunguo wa rimoti usiochomekwa, ya pili kwa mtu anayeleta vitu kutoka Dubai. Kwanza mzigo ulinikuta na balaa la Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika Somanga, basi lenye kifurushi changu limekwama huko na abiria wake. Ulipofika, fundi akauingiza kwenye mashine, gari likaukataa. Akaniambia haufai. Niliona kama ananizungusha.

FundiFunguoLigula

Hakukuzungusha, mama yangu. Magari ya Toyota yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, smati kii zake hutumia mawimbi ya megahezi 312 na 314. Nyingi zinazouzwa kwa masoko mengine ni 433. Kwa macho zimefanana, vitufe vilevile, nembo ileile, lakini gari na ufunguo havisikilizani. Fungua kava uangalie namba ya saketi, ilingane na ya ufunguo wako wa zamani.

Na kama ulikuwa umetumika, kuna tatizo la pili. Smati kii ya Toyota ikishaandikishwa kwenye gari moja inajifunga humo. Haipokelewi na gari jingine mpaka ifunguliwe upya kwa kifaa maalumu, na si kila mmoja anacho. Ukiona bei ni ya kutupa, uliza kwanza kama ulishatumika.

MamaMitwero

Ulikuwa umetumika! Nashukuru, mwanangu. Nitamrudishia mwenyewe aulete unaofaa.

KijanaLiwale

Kaka fundi, mimi ninao mmoja wa kubonyeza, naendesha Liwale na Nachingwea. Betri ya rimoti ikiisha porini nafanyaje?

FundiFunguoLigula

Ndani ya rimoti kuna kichuma cha ufunguo, kitoe ufungulie mlango wa dereva. Kisha kanyaga breki, gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ukitazama kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Chipu ya ndani inasomwa hata betri ikiwa imekufa. Nunua betri za akiba, angalia namba iliyoandikwa juu yake, nyingi ni CR2032 au CR1632, na hizo hazibadilishani.

Ila usikae na mmoja kwa gari la aina hiyo. Ukipotea wote kazi inakuwa ndefu, baadhi ya Toyota zinakulazimisha kusubiri kama dakika 16 mashine imechomekwa na umeme hautikisiki, na nyingine zinataka kontroli boksi lifunguliwe kabisa. Ukiwa na mmoja unaofanya kazi, kuongeza wa pili ni dakika chache.

KijanaLiwale

Nitashuka Mtwara Jumamosi na mjomba, yeye ana Forester yenye chipu na funguo mbili, mmoja umevunjika kichwa. Tuje na nini?

FundiFunguoLigula

Kadi za magari zote mbili, kitambulisho cha kila mwenye gari, funguo zote. Ule uliovunjika kichwa msiutupe, na vipande vyake vikusanyeni kwenye mfuko, chipu inaweza kuwa bado nzima na mjomba akalipia kava na kuchonga tu. Nitumie picha za funguo leo jioni, na mwaka wa kila gari kama ulivyo kwenye kadi. Mkiwahi saa tatu asubuhi mtarudi siku hiyohiyo.